Kengele Inalia, Watu Hawatoki: Utatuzi wa Matatizo ya Mifumo ya Tahadhari ya Dharura katika Majengo Makubwa

Mfumo wa tahadhari ya dharura una safari moja tu ya kuikamilisha: hatari igunduliwe, uamuzi ufanyike, ujumbe usambazwe, usikike, ueleweke, na mtu aufuate. Mfumo unaposhindwa, safari hiyo huwa imekatika mahali fulani, na kazi ya anayetafuta tatizo ni kupajua mahali hapo kabla hajashika bisibisi. Mafundi wengi huanzia kwenye paneli ya kudhibiti kwa sababu ndiko taa na maandishi yaliko. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: anzia kwa mpokeaji, yaani msafishaji aliye chooni ghorofa ya 14, mlinzi wa maegesho ya chini ya ardhi, au mgeni wa hoteli aliyelala huku kiyoyozi kikinguruma, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kihisi, yaani kifaa kinachogundua moshi au joto. Paneli inaweza kuonyesha taa ya kijani wakati watu hao hawajasikia chochote, kwa kuwa paneli hukagua nyaya zake, haikagui masikio ya watu.

Mifano iliyomo inahusu jengo la aina tunayoiona sasa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa: maduka chini, ofisi katikati, hoteli au makazi juu, maegesho chini ya ardhi, na wapangaji ambao kila mmoja ana fundi wake. Viwango vya mifumo ya kengele za moto vinavyotajwa ni BS 5839 cha Uingereza na NFPA 72 cha Marekani. Pale sheria ya nchi au jeshi la zimamoto linapodai zaidi ya viwango hivyo, dai hilo ndilo la kufuatwa.

Kengele inalia mara kwa mara bila moto

Tatizo hili lishughulikiwe kwanza hata kama umeitiwa jingine, kwa kuwa kengele za uongo huua mfumo mzima taratibu. Baada ya muda wapangaji hubaki vitini, mlinzi hujifunza kubonyeza kitufe cha kunyamazisha kabla ya kusoma kilichoandikwa, na mwishowe mtu hukifunika kihisi kwa mfuko wa plastiki. Ukikuta glavu ya mpira imevishwa kihisi cha jikoni, usianze kwa kumtafuta aliyeivisha. Glavu hiyo inakuambia kwamba kihisi kiliwekwa mahali pasipokifaa.

Anza na kumbukumbu za paneli. Mfumo wenye anwani, yaani ule ambao kila kifaa kina utambulisho wake, hutaja kifaa kilicholia, tarehe na saa, hivyo chapisha matukio ya miezi mitatu, uyapange kwanza kwa kifaa, halafu kwa saa. Aghalabu utakuta kwamba vifaa vichache ndivyo vinavyoleta kelele nyingi za jengo zima, na kwamba saa ndiyo inayotoboa siri. Kihisi cha korido ya hoteli kinacholia alfajiri huwa kinapata mvuke wa bafuni mlango wa chumba unapofunguliwa. Kinacholia kuelekea saa 7 mchana karibu na mgahawa kinapata moshi wa mafuta ya kukaangia. Katika hoteli za Zanzibar na mwambao, kihisi cha mapokezi kinacholia jioni huenda kinavuta udi uliofukizwa kwa ajili ya wageni, na kile kinacholia usiku mmoja tu kila mwezi huenda kinalia siku ile wapuliza dawa ya wadudu wanapokuja. Kisicho na mpangilio wowote ndicho cha kufunguliwa, kwani mara nyingi ndani yake mna vumbi au wadudu wadogo walioingia kwenye chemba inayopima moshi.

Kila chanzo kina tiba yake. Jikoni hapahitaji kihisi moshi bali kihisi joto. Karibu na mabafu, kisogeze kihisi au weka kile kinachopima moshi na joto kwa pamoja. Siku ya kupuliza dawa, vifaa vya eneo husika tu ndivyo vizimwe, kwa kibali cha maandishi chenye saa ya kuanza na ya kumaliza, na mlinzi apite eneo hilo kwa miguu hadi virudishwe. Kosa la kuepukwa ni kupunguza usikivu wa vihisi vyote ili kumtuliza meneja wa jengo: kelele zitapungua, na muda wa kugundua moto wa kweli utarefuka katika kila chumba.

Wabunifu wa mifumo ya kisasa hupenda uthibitisho wa hatua mbili. Kihisi kimoja kikigundua moshi, walinzi huarifiwa kimyakimya na kupewa dakika chache za kwenda kuangalia. Kihisi cha pili kikithibitisha, au mtu akibonyeza kitufe cha mkononi ukutani, muda huo hufutika papo hapo na tangazo huenda kwa watu. Mpango huu ni mzuri mahali penye watu wa zamu wanaoweza kweli kufika ghorofa ya 20 kwa muda waliopewa. Jengo ambalo usiku lina mlinzi mmoja, naye yuko getini, lisipewe ucheleweshaji wowote baada ya saa za kazi. Paneli nyingi huruhusu kuweka ratiba ya mchana na ya usiku, na si kazi ngumu kuiweka.

Kengele inalia, watu hawatoki

Ukishahakikisha kwamba mlio unasikika na kwamba kengele za uongo si chanzo, tatizo huwa katika maana. Mlio mtupu hauelezi chochote: mtu husikia, hutazama wenzake, humwuliza aliye karibu, huchungulia dirishani, na dakika zinapita. Kuna pia dharura ambazo tabia hiyo ya kuchungulia ndiyo inayoua. Katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, mlipuko mdogo ulitangulia, watu katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kuona kulikoni, na mlipuko mkubwa ukawakuta pale pale. Wengi walijeruhiwa machoni na usoni kwa vioo. Jengo linalotumia mlio mmoja kwa moto, bomu na uvamizi linawaambia watu watoke nje hata pale ambapo nje ndiko kwenye hatari. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mmiliki si idadi ya spika alizonunua, bali ni dharura zipi mfumo wake unatakiwa kuzitofautisha, na mtu afanye nini katika kila mojawapo.

Tiba ni tangazo la maneno lililorekodiwa mapema, na hapa ndipo uandishi mbovu unapoharibu vifaa vya gharama kubwa. Matangazo mengi huandikwa kwa lugha ya barua za ofisini: “Wateja wetu wapendwa, kutokana na changamoto ya kiufundi iliyojitokeza, mnaombwa kuwa watulivu wakati uongozi ukiendelea kulifuatilia suala hili.” Aliyesikia hayo hajui hatari ni ipi, iko wapi, inamhusu nani, wala afanye nini. Tangazo linalofaa ni kama hili: “Sikilizeni. Kuna moto ghorofa ya 9. Mlioko ghorofa ya 8, 9 na 10, tokeni sasa kwa ngazi za dharura. Msitumie lifti. Kusanyikeni kwenye maegesho ya nje, upande wa barabara kuu.” Sentensi ni fupi, vitenzi ni vya amri, mahali pametajwa, na hakuna neno linalohitaji kufikiriwa mara mbili. Lirudiwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lugha ya tatu iongezwe tu pale wageni wake ni wengi kweli, kwa sababu kila lugha hurefusha mzunguko, na aliyekosa zamu yake hulazimika kusubiri huku moshi ukipanda.

Ghorofa tatu zilizotajwa hapo juu si za kubahatisha. Katika jengo refu, kuwatoa watu wote kwa wakati mmoja hujaza ngazi na kuwazuia walio karibu na moto, ndiyo maana wabunifu huanza na ghorofa inayoungua na zinazopakana nayo huku nyingine zikitangaziwa zikae tayari. Mpango huo unadai kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: mfumo uweze kubadilisha ujumbe katikati ya tukio. Jengo la Grenfell Tower la London, lililoungua usiku wa tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, liliendeshwa kwa mpango wa wakazi kubaki ndani ya nyumba zao. Simu ya kwanza kwa zimamoto ilipigwa saa 6:54 usiku. Ushauri wa kubaki ndani ulikuja kubatilishwa saa 8:47, na hapakuwa na mfumo wa jengo zima wa kuwatangazia wakazi kwamba mambo yamebadilika. Unapokagua jengo, muulize mlinzi wa zamu akuonyeshe jinsi atakavyohama kutoka “kaeni tayari” kwenda “tokeni wote”. Ikiwa jibu ni kumpigia simu fundi wa kampuni, umeshapata hitilafu.

Sauti ni kubwa, maneno hayashikiki

Hili hutokea zaidi kwenye kumbi za marumaru, maegesho ya chini ya ardhi na sehemu za maduka zenye dari ndefu. Msimamizi husikia malalamiko kwamba tangazo halieleweki, naye humwagiza fundi aongeze sauti, na kueleweka huzidi kupungua kwa sababu mwangwi nao umeongezeka. Sauti kubwa na sauti inayoeleweka ni vipimo viwili tofauti. BS 5839 huweka kiwango cha jumla cha desibeli 65, na desibeli 75 kitandani pale watu wanapolala. Kueleweka kwa maneno hupimwa kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1, na lengo la kawaida ni 0.5. Mita ya sauti peke yake haiwezi kukupa kipimo hicho cha pili.

Tiba ya mwangwi ni spika nyingi zenye nguvu ndogo, zilizo karibu na watu, badala ya chache zinazopiga kelele kutoka mbali. Spika za mfumo wa volti 100 huwa na vituo vya kuchagua nguvu, kwa mfano wati 1.5, 3 au 6. Kabla ya kununua chochote, fungua spika kadhaa uone kituo kilichochaguliwa, kwa kuwa si ajabu kukuta ghorofa nzima imeachwa kwenye kituo cha chini kama ilivyotoka kiwandani. Kumbuka hata hivyo kwamba kuongeza nguvu mara mbili huleta desibeli 3 tu, na kwamba mlango wa kawaida uliofungwa hukata takriban desibeli 20, wa kuzuia moto takriban 30. Spika ya korido haiwezi kumwamsha aliyelala nyuma ya mlango mzito, na hakuna marekebisho ya kwenye paneli yatakayobadilisha hilo. Chumba kinahitaji kifaa chake. Kwa vyumba vya kulala, NFPA 72 inadai mlio mzito wa hezi 520, kwa sababu watoto na watu wenye usikivu hafifu huamshwa nao kwa urahisi kuliko mlio mwembamba wa kengele za kawaida.

Kagua pia muziki wa wapangaji. Duka la nguo lenye spika zake litalimeza tangazo lote, hivyo mkataba wa upangaji useme kwamba umeme wa vifaa vya muziki utapita kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokatwa na paneli. Viziwi wahudumiwe kwa taa zinazomweka, hasa vyooni na kwenye vyumba ambamo mtu anaweza kuwa peke yake, na kwa kitetemeshi cha chini ya mto hotelini.

Ujumbe wa simu unachelewa au haufiki

Majengo yanayouzwa kama “mahiri” huwa na programu inayotuma ujumbe mfupi kwa kila mpangaji mara kihisi kinapolia. Usipofika, fuata njia yake. Je, paneli ilitoa taarifa kwa seva? Je, seva ilikuwa na intaneti? Mara nyingi sana ruta inayobeba taarifa hizo haina betri, au inashiriki umeme wa ghorofa ambayo ndiyo imezimwa kwa sababu ya moto. Je, akaunti ya kutuma jumbe kwa wingi ilikuwa na salio? Akaunti hizi hulipiwa kabla, mwenye nywila ni mhasibu, mhasibu yuko likizo, na mfumo wa mamilioni ya shilingi hukwama kwa kukosa bando. Na kama jengo linatumia kifaa chenye laini ya simu kupiga au kutuma, laini hiyo imetumika lini mara ya mwisho? Kampuni za simu hufunga laini zilizokaa kimya muda mrefu, na laini ya kengele ya moto, kwa bahati njema, hukaa kimya karibu mwaka mzima. Panga itume ujumbe wa majaribio kila wiki kwa namba ambayo kuna mtu anayeisoma kweli.

Orodha ya namba nayo huchakaa upesi. Mpangaji amehama, mfanyakazi amebadilisha laini, na wateja wa dukani au wageni wa mkutano hawakuwahi kuwamo. Chini ya ardhi mtandao haushiki. Dharura inapotokea, kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja na minara ya eneo hilo huzidiwa. Kwa sababu hizi zote ujumbe wa simu uwe njia ya nyongeza, yenye faida kubwa kwa walio nje wasirudi ndani na kwa wasimamizi wa ghorofa kupeana taarifa. Usiwe kamwe njia ya kwanza ya kumwokoa mtu aliye ndani. Mbunifu anayekushauri upunguze spika kwa kuwa “kila mtu ana simu” anapunguza gharama yake, hapunguzi hatari yako.

Hakuna aliyeamua, au aliyekosea hakuweza kusahihisha

Tatizo hili halionyeshwi na taa yoyote. Kihisi kimelia, mlinzi amesoma, na sasa anampigia msimamizi, ambaye anampigia meneja, ambaye yuko kikaoni. Ondoa mnyororo huo kwa maandishi: mtu wa zamu aliye mbele ya paneli ana mamlaka kamili ya kutangaza, na hataadhibiwa kwa kutangaza kwa nia njema. Kupiga simu zimamoto, ambayo kwa Tanzania ni namba 114, kufanyike sambamba na tangazo, si baada yake.

Upande wa pili wa mamlaka hayo ni kusahihisha. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii walipokea katika simu zao tahadhari kwamba kombora linakuja. Haikuwa kweli, na ilichukua dakika 38 kwa ujumbe wa kusahihisha kutumwa kwa njia ile ile, kwa kuwa hapakuwa na ujumbe wa kukanusha ulioandaliwa mapema. Kwa hiyo kila ujumbe ulio kwenye mfumo uandaliwe pamoja na wa kuufuta. Majaribio nayo yawe na sura yake mbali na dharura ya kweli, kwenye kioo cha kompyuta na hata katika maneno ya kuthibitisha, ili asiyelala vizuri usiku wa kuamkia zamu asiweze kuvichanganya.

Ujumbe wa kutuliza ndio wa kuchungwa zaidi. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege ya kwanza ilipogonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center, watu wengi wa mnara wa kusini walianza kutoka wenyewe. Muda mfupi kabla ya mnara huo nao kugongwa saa 3:03 asubuhi, walitangaziwa kwamba jengo lao ni salama na wanaweza kurudi ofisini. Aliyetangaza hakuwa na namna ya kujua yanayokuja. Tangazo la “rudini” litolewe tu na mkuu wa zimamoto aliye kwenye tukio, na kitufe chake kiwe chini ya ufunguo.

Umeme unakatika, mfumo unakufa nao

Kuwepo kwa jenereta si jibu, kwa kuwa jenereta huweza kukosa mafuta, kugoma kuwaka, au kuwa ndiyo inayoungua. BS 5839 hutaka betri zibebe mfumo saa 24 katika hali ya kawaida na baada ya hapo nusu saa ya kengele. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa uifanye mwenyewe badala ya kuamini karatasi ya muuzaji. Chukua paneli inayotumia ampea 0.6 ikiwa kimya na ampea 3 ikiwa inalia: 0.6 mara saa 24 ni 14.4, 3 mara nusu saa ni 1.5, jumla 15.9. Ongeza robo kwa ajili ya kuchakaa, unapata karibu 20, hivyo betri ya ampea-saa 24 inatosha na ya 17 haitoshi. Jengo likiongezewa spika na vihisi baada ya kukabidhiwa, hesabu hii hurudiwa, jambo ambalo ni nadra kulikuta limefanyika.

Betri za risasi zilizozibwa haziwezi joto. Ikifungiwa katika chumba kisicho na hewa chenye nyuzi 35, betri hupoteza takriban nusu ya umri ambao ingeishi katika nyuzi 25. Katika majengo ya pwani, usisubiri itoe taarifa: andika tarehe ya kufungwa juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito, na ipime kwa mzigo kila mwaka. Ukitaka kujua hali halisi, zima umeme wa paneli asubuhi, acha mfumo ushinde kwa betri, jioni liza kengele, kisha nenda na mita hadi kengele ya mwisho kabisa kwenye waya mrefu kuliko zote. Volti zinazopimwa pale wakati betri imeshuka ndizo za kweli. Kengele inayolia vizuri kwa umeme wa kawaida huweza kukoroma tu wakati huo, kwa sababu waya mwembamba umekula volti njiani. Dawa yake ni waya mnene zaidi au chanzo cha umeme cha ziada karibu na mwisho, si kengele mpya.

Fuatilia pia kila kifaa kilicho katikati. Kama spika zinapokea sauti kupitia mtandao wa kompyuta, basi kila swichi ya mtandao huo katika kila ghorofa inahitaji betri ya saa zile zile. Swichi moja isiyo na betri huifanya ghorofa yake kuwa bubu.

Paneli inaonyesha hitilafu ya ardhi

Waya umechubuka au maji yameingia mahali, na umeme unavujia kwenye chuma cha jengo. Ikiwa taa huwaka mvua inaponyesha na kuzimika jua likitoka, tafuta kwenye paa, maegesho na kuta za nje, kwenye masanduku ya maungio ambayo chumvi ya bahari imeyala. Tenganisha lupu, yaani waya unaounganisha vifaa na paneli, nusu kwa nusu hadi ubaki na kipande kimoja. Usiikate taa hiyo ya onyo: hitilafu moja haizuii mfumo kufanya kazi, lakini ya pili ikija inaweza kuuangusha.

Sehemu ya jengo imenyamaza

Lupu hutoka kwenye paneli na kurudi kwa njia nyingine ili ikikatwa mahali pamoja vifaa viendelee kuhudumiwa kutoka pande zote mbili. Manufaa hayo hupotea pale mkandarasi anapopitisha waya wa kwenda na wa kurudi katika bomba moja. Moto mmoja au nyundo moja huikata yote miwili. Fuata njia ya nyaya kwa macho, si kwa mchoro pekee. Hesabu pia vifaa vya kutenga hitilafu, ambavyo mafundi huviita aisoleta: vikiwa vichache, waya mbili zinapogusana hunyamazisha eneo kubwa badala ya vyumba vichache.

Hata hivyo chanzo cha kushukiwa kuliko vyote ni ukarabati wa mpangaji. Ofisi imegawanywa kwa kuta za jipsamu, chumba kipya hakina kihisi wala spika, au dari mpya imeshushwa na kuvificha vya zamani juu yake. Mwenye jengo aweke sharti kwamba hakuna ukarabati utakaofungwa bila fundi wa mfumo kutia saini, na ramani ya paneli ibadilishwe siku hiyo hiyo. Paneli inayosema “ofisi ya mhasibu, ghorofa ya 6” kuhusu mahali ambapo sasa ni stoo ya nguo itawapoteza waokoaji.

Kengele imelia, lakini lifti na milango havikufuata

Lifti zilitakiwa kushuka chini na kubaki wazi, milango ya kadi ifunguke, na feni za viyoyozi zizime ili zisisambaze moshi. Omba jedwali linaloonyesha kila chanzo cha kengele na kila kitendo kinachotakiwa kufuata. Kama halipo, hilo ndilo tatizo, kwa kuwa kila mkandarasi alifunga sehemu yake akiamini mwenzake ataiunganisha. Kama lipo, lijaribu mstari kwa mstari.

Milango ya sumaku iunganishwe ili umeme ukikatika ifunguke, na kukatwa huko kufanywe na rilei ya paneli ya moto moja kwa moja, si kwa amri inayopita kwenye kompyuta ya usimamizi wa jengo. Walinzi hawapendi jambo hili kwa kuhofia wizi. Hofu yao ina msingi, na jibu lake ni kamera na mlinzi kwenye mlango huo, si kufuli.

Majaribio yote yalipita, na mfumo bado haukulia

Soma ripoti ya matengenezo ya mwisho na uitazame saa aliyoondoka fundi. Wakati wa majaribio, vifaa huzimwa kwa makusudi: spika ili wapangaji wasisumbuliwe, rilei ya lifti ili zisishuke, laini ya simu ili zimamoto wasiitwe bure. Kazi ikiisha jioni na fundi ana haraka, baadhi hubaki zimezimwa, na paneli huendelea kuonyesha taa ndogo ya njano ambayo baada ya siku mbili hakuna anayeiona. Kabla fundi hajaruhusiwa kutoka getini, mlinzi wa zamu afungue ukurasa wa vifaa vilivyozimwa, wausome pamoja, idadi iwe sifuri, na wote wawili watie saini kwenye daftari. Kikibaki kimoja kwa sababu ya msingi, kiandikwe jina lake, mahali kilipo, jina la atakayekirudisha na saa atakayokirudisha.